Kuogopa kwa Mafungu

Mzee aliyeniingiza baharini kule Misali hakuniuliza kama najua kuogelea. Aliniuliza ninaogopa nini. Nikamjibu kwamba naogopa bahari.

"Bahari kubwa, mwanangu," akasema. "Hebu itaje kidogo kidogo."

Tukaketi mchangani, kivulini mwa mbuyu, nikaanza kutaja: papa, kuzama, kuishiwa pumzi, kuchukuliwa na maji, kuchomwa na kitu nisichokiona, kutojua nyuma yangu kuna nini. Yeye akawa anazigawa hofu zangu kama mvuvi anayepanga samaki mafungu mafungu pwani. Papa alimtupa pembeni. Miaka yote aliyozamia pweza katika maji yale, alisema, papa aliowaona walikuwa wakimkimbia. Kuchukuliwa na maji akakuweka mbele kabisa. Kuchomwa akakuweka mbele pia, akanionyesha kwa kidole miamba yenye wale wadudu wa miiba myeusi mirefu, na mchanga anamopenda kujifukia taa. Kuishiwa pumzi, akasema, hilo ni langu mwenyewe wala si la bahari, na ndilo tutakaloanza nalo. Mwisho akaniongezea moja ambalo sikulitaja: jua la mgongoni. Anayeelea kifudifudi hana habari kwamba anaungua.

Nimesoma vyuoni na nimefundisha watoto wa watu, lakini sikumbuki somo lililonikaa kama lile. Nitaeleza kwa nini.

Mimi ni mtu wa Eringeti. Asiyepajua aishike barabara ya taifa namba 4 kutoka mji wa Beni kuelekea kaskazini, apite Mbau, apite Oicha, na baada ya kilomita 60 hivi atatukuta, karibu na mahali ambapo Kivu Kaskazini inaishia na Ituri inaanza. Mbele yetu barabara inaendelea hadi Komanda. Pande zote mbili ni msitu. Wazazi wangu, kama Wanande wengi, walishuka kutoka nyanda za juu za Lubero kutafuta ardhi, wakawakuta wenyeji, Wambuba na Walese, na Bambuti walioujua msitu kuliko sisi sote. Walipanda kahawa, baadaye kakao. Utoto wangu ulinuka kakao inayochachuka ndani ya majani ya migomba.

Tangu Oktoba 2014, yanapotajwa mauaji ya Beni, jina la kwetu limo. Sitayasimulia hapa, waliofiwa wanayajua na wasiofiwa wameyasikia redioni mpaka wameyazoea, jambo ambalo linaniuma zaidi. Ninachotaka kusema ni hiki: baada ya mwaka ule msitu ulifungwa. Hakuna aliyeweka kufuli, lakini kila mmoja alilisikia likifungwa. Mashamba ya kakao yaliyokuwa mwendo wa saa moja kwa miguu yakawa nchi nyingine. Waliokwenda kuvuna, wengine hawakurudi. Familia yetu ilihamia Oicha, na huko ndiko ninakofundisha biolojia hadi leo.

Kwenda Pemba lilikuwa wazo la rafiki niliyesoma naye Dar es Salaam. Kwao ni Mkoani. Aliniandikia kwamba nimechoka na sijui kama nimechoka, nije nipumzike kwao likizo ya mwisho wa mwaka. Safari ya kutoka Oicha ni ndefu: Kasindi, Kampala, Dar es Salaam, kisha meli. Nilipofika, mama yake alinipa chumba, akanipa uji, na kwa siku za kwanza nililala tu. Usingizi ulinipata mchana, usiku ukanikimbia, kwa sababu kisiwa kile usiku ni kimya mno na masikio yangu yalikuwa yanangoja kitu. Rafiki aliona. Ndipo alipotafuta mashua na yule mzee.

Misali ni kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, chini ya kilomita moja ya mraba, kina mbuyu ufukweni na msitu uliomea juu ya jiwe la matumbawe. Hakuna kijiji. Wavuvi hupiga dago hapo, yaani hukaa kambini kwa muda, kisha hurudi makwao. Yapo mapango ambayo waganga na wenye nadhiri huyaheshimu, na wapo kasa wanaopanda mchangani kutaga. Tangu 1998 ni eneo la hifadhi, na kuna upande ambao hairuhusiwi kuvua kitu chochote. Lililonivutia ni jinsi wenyeji walivyofikishwa hapo: pamoja na maofisa na wataalamu, waliitwa masheikh waseme katika lugha ya dini kwamba mwanadamu amekabidhiwa viumbe hivi, hakupewa avimalize. Mvuvi anaweza kumpuuza ofisa, lakini imamu wa msikiti wake ni vigumu. Kwetu nako, nilifikiri, mapadri na wachungaji wanasikilizwa kuliko tangazo lolote la serikali, na mara chache tumewaomba wauzungumzie msitu.

Hatukuingia majini mapema. Mashua ilitufikisha asubuhi, bahari ikiwa shwari na ya rangi ambayo sina mfano wake, na mimi nilikuwa nimeshavaa miwani ya kuzamia. Mzee alinitazama, akaniambia niivue, itanikaza kichwa bure. Tulikaa. Alitazama maji. Mara alikwenda hadi ukingoni, akachomeka kijiti mchangani, akarudi. Siku ile ilikuwa ya bamvua, mwezi mpevu umepita jana yake, na wakati wa bamvua pwani ya huku maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Maji mengi kiasi hicho yakiondoka, hayaondoki polepole. Hutafuta milango kati ya miamba na kupita hapo kwa nguvu, na nje ya mwamba wa Misali kuna mkondo wa Pemba, ambao kina chake kinafika mita 800 hivi. Mtu anayeingia maji yanapopwa anaweza kutembezwa hadi mlangoni huku akidhani anaogelea vizuri leo. Anayeingia karibu na ukomo wa maji kujaa hupata kipindi ambacho bahari imesimama, haiendi wala hairudi. Mzee alikuwa anakingoja hicho. Kijiti chake kilipobaki na maji palepale, akainuka na kusema, "Sasa."

Kuingia kwenyewe alinifundisha hatua kwa hatua. Miguu iburute mchanga, isinyanyuliwe, ili taa aliyelala asikie na kuondoka mwenyewe. Taa hachomi kwa chuki, huchoma akikanyagwa. Maji yakifika kiunoni, vaa mapezi, kisha geuka na utembee kinyumenyume. Temea mate ndani ya miwani, suuza, vaa. Halafu lala kifudifudi mahali ambapo bado unaweza kusimama, upumue kwa ule mpira, na usiende popote. Hapo tulikaa sana. Pumzi yangu ilikuwa fupi na ya haraka, naisikia kichwani mwangu. Hakuniambia nitulie, hakuna aliyewahi kutulia kwa kuambiwa. Aliweka kiganja chake wazi mgongoni pangu na akawa anakikandamiza kidogo na kukilegeza, kidogo na kulegeza, mpaka kifua changu kikaanza kumfuata.

Kisha tukaenda kwenye ukingo.

Sijui nieleze vipi matumbawe kwa mtu ambaye hajayaona, na najua wasomaji wangu wengi wa Butembo na Beni hawajayaona. Ni wanyama, si mawe wala mimea, ijapokuwa yanajenga kama mawe na ndani ya miili yao wanaishi mwani wadogo wanaowatengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Nimefundisha hayo kutoka kitabuni kwa miaka. Kitabu hakikunieleza kwamba ukielea juu yao unajiona kama uko juu ya miti yetu, unaitazama kutoka anakoitazama kozi: vilele, vichaka, mianya yenye giza, na viumbe vinavyoingia na kutoka kwa shughuli zao. Kangaja walipita kundi zima. Chewa alikaa mlangoni pake, hana haraka. Pono walikuwa wakiuma mwamba na kuutafuna, na nilisikia meno yao.

Hapo kwenye kusikia ndipo pigo lilipotoka. Majini sauti husafiri mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, na masikio ya binadamu hayawezi tena kujua inatoka upande gani. Inakuja kutoka kote. Kwa mtalii hilo ni jambo la kupendeza. Kwa mtu wa Eringeti ni jambo jingine. Sisi tumeishi kwa kujua mlio umetoka wapi na uko umbali gani, maana hapo ndipo unapoamua ukimbilie wapi na watoto. Mle ndani kulikuwa na milio midogomidogo ya kukwaruza na kutatarika, mingi, isiyokoma, wala sikuweza kuipangia upande. Mwili wangu wote ulikakamaa. Niliinua kichwa nje, nikashindwa kusema. Mzee akaja karibu, akashika mkono wangu.

"Huku chini masikio hayana kazi, mwanangu," akasema. "Yape mapumziko. Fanya kazi kwa macho, na kwa mkono wangu huu."

Nilirudisha uso majini. Sidai kwamba hofu iliondoka, ila ilipata mahali pa kukaa. Nilijua sasa kwamba milio ile ni kamba wadogo na pono, na kwamba hatari ya kweli, kama itakuja, itakuja kimya, nitaiona kwa macho kabla ya kuisikia. Jambo la kuangalia lilikuwa moja, na yeye alikuwa ameshaniambia ni lipi: kuchukuliwa na maji.

Tulizamia kwa pumzi tu, bila mitungi. Alinionyesha kubana pua na kusukuma hewa taratibu masikio yanapoanza kuuma, na kuanza mapema kabla hayajauma sana, kwa kuwa kina cha mita 10 tu kinatosha kufanya mgandamizo kuwa mara mbili ya ule wa juu. Mimi sikufika hata nusu yake. Yeye alishuka kwenye ukuta wa mwamba mpaka akawa mdogo, akakaa huko kwa namna iliyonifanya nihesabu, akapanda bila pupa. Ujana wake wote aliutumia hivyo, akitafuta pweza na majongoo ya bahari. Aliniambia baadaye kuhusu wenzake waliokuja kupewa mitungi na wanunuzi wa majongoo bila kufundishwa kupanda polepole. Waliibuka haraka na miguu ikafa. Mmoja alikuwa binamu yake. Hakulisema hilo kwa sauti ya kunitisha, alilisema kama mtu anayeonyesha mpaka wa shamba.

Tulipokuwa tunazunguka kichwa cha mwamba mkubwa, aligeuka ghafla na kunionyesha pwani. Mimi sikuona kitu. Maji yalikuwa yaleyale, safi, ya kupendeza kuliko dakika iliyotangulia. Nilitamani kubaki. Lakini nilikuwa nimeahidi kwamba akionyesha pwani hakuna mjadala, nikamfuata. Tulipokaa mchangani nikamuuliza ameona nini. "Samaki," akasema. "Hukuona wote wamegeuza vichwa upande mmoja?" Samaki huelekea mkondo unakotoka. Maji yakisimama kila mmoja hutazama anakotaka. Yakianza kwenda, wote hupanga vichwa pamoja hata kabla mwili wa mtu haujahisi kitu. Baada ya muda usio mrefu niliona mwenyewe: kipande cha mti kilichokuwa kikielea mbele yetu kilianza safari ya kwenda nje, na mwendo wake ulikuwa wa mtu anayewahi soko.

Nikamuuliza nani alimfundisha. Akasema baba yake, na baba yake alifundishwa na kwenda kila siku. "Bahari haitaki akili nyingi," akasema, "inataka uizoee. Usipoenda mwaka mmoja, ukirudi imeshakuwa nyingine." Alikumbuka 1998, mwaka wa joto la El Niño, matumbawe ya Misali yalipogeuka meupe na mengi kufa; alikumbuka 2016, yalipogeuka tena. Alijua yapi yamerudi na yapi hayajarudi, na ni sehemu zipi samaki wamehama. Hakuwa na daftari. Alikuwa na mazoea.

Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa: "Na huko kwenu, msituni, nani anakuongoza?"

Nilimweleza habari za babu yangu, na za rafiki yake babu, Mbuti mmoja aliyekuwa akitutangulia tulipokwenda kutafuta asali. Nilimweleza jinsi alivyosoma njia kwa majani yaliyokunjwa, alivyojua tembo amepita asubuhi au jana, alivyotukataza kulala chini ya mti fulani mzima kabisa ambao usiku uleule uliangusha tawi. Mzee alisikiliza kwa makini ya mtu wa kazi moja. Sikuweza kumweleza vizuri kilichofuata. Sisi Eringeti hatuogopi tena kwa mafungu. Tunaogopa msitu, wote, kama nilivyomwambia yeye kwamba naogopa bahari. Nyoka, mvua, mto uliofurika, mti uliooza, mtu mwenye panga: vyote vimekuwa hofu moja, na hofu moja kubwa haikufundishi lolote zaidi ya kukaa ndani. Wala sisemi kwamba hofu hiyo ni ya kipumbavu. Ina makaburi yake. Nasema imetuchukulia kitu ambacho hakuna anayekihesabu. Wanapohesabiwa waliokufa na nyumba zilizoungua, nani anahesabu kijito ambacho hakuna kijana anayejua tena pa kukivukia?

Hata anayejua hana amani. Siku hizi mtu akionekana anazijua njia za msituni, ataulizwa amezijulia wapi na anawaonyesha akina nani. Bambuti, ambao ujuzi wao ndio uliokuwa mkate wa nyumba nyingi, wamekimbilia Mbau na Oicha, wanabeba kuni na kulima mashamba ya wengine. Miaka kumi ya namna hiyo inatosha ujuzi kupotea. Mzee wa Misali alikuwa amesema mwaka mmoja unatosha.

Katika kurudi kwangu nyumbani nilikuwa nawaza habari ya watu wa pwani walioingia msitu wetu zamani. Februari 1887 Stanley, yule mpelelezi wa Kizungu, aliondoka Unguja na wapagazi mamia kadhaa wa Kizanzibari, wakaizunguka Afrika kwa meli hadi mdomo wa mto Kongo, kisha wakapanda hadi Yambuya kwenye mto Aruwimi, ambao huku juu ndio Ituri. Stanley akaendelea na kundi la kwanza ndani ya msitu, wengine akawaacha Yambuya wakingoja. Wengi walikufa hapo kambini, na moja ya sababu ilikuwa mihogo. Mihogo ilikuwapo tele, lakini ile ya uchungu ina sumu, na wenyeji wa msitu huiloweka siku kadhaa kabla ya kuila. Mama yeyote wa vijiji vya jirani angewaonyesha, lakini msafara ule uliingia kwa bunduki, na vijiji vikakimbia au vikapigana. Watu waliotoka pwani walidhoofika na kufa wakiwa na chakula mkononi. Nawafikiria sana. Mimi nilikwenda kwao nikiwa mjinga wa maji kama walivyokuwa wao wajinga wa msitu, na tofauti kati yangu na wao ni kwamba mimi nilipata mtu wa pale, aliyenipokea kwa hiari na kulipwa jasho lake.

Kulipwa nako nakusema makusudi. Kwetu tuna tabia ya kumlipa injinia na kumpa mwongoza njia chumvi kidogo na asante. Mzee wa Misali alikuwa na bei yake, akaitaja bila aibu, na rafiki yangu alinikataza kuombea punguzo. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimenunua uzoefu wa maisha mazima.

Oicha, msitu bado umefungwa. Sina uwezo wa kuufungua. Hiyo ni kazi ya wenye silaha na wenye mamlaka, nao tunawadai. Lakini darasa liko mikononi mwangu. Wanafunzi wangu, watoto wa waliohama, wanatambua bunduki kwa mlio wake. Niliwaletea jani la mangungu, lile ambalo Bambuti huezekea vibanda vyao, jani ambalo bibi zao walifungia chakula maisha yao yote, na wengi hawakulijua. Siku hiyo nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikaomba ruhusa ya kumwita darasani mama mmoja mzee wa Kimbuti anayeishi kambini karibu na shule, naye alipwe kama anavyolipwa mwalimu wa kuja na kurudi. Kulikuwa na manung'uniko chumbani mwa walimu. Wazazi walipoombwa kuchanga, walichanga.

Mama huja na kapu. Hutoa jani, gome, tunda, hutaka kwanza kila mtoto alinuse kabla hajasema lolote, kisha huuliza: hili linakuumiza, linakulisha, au linakuonyesha njia? Mbao za limbali zilizolala nyuma ya shule zikingoja kuwa madawati zimekuwa somo la wiki nzima, kwa sababu alisema penye limbali nyingi chini huwa wazi na mtu huona mbali, na watoto wakataka kujua kwa nini. Wavulana wa nyuma, ambao mimi sijawahi kuwafanya wakae, hukaa. Wiki iliyopita walimwomba awafundishe nyoka. Akawaambia nyoka ni mwaka wa pili, wamalize kwanza majani.